Siku 30 na paleti ya rangi sita: natafuta moshi laini

Siku ya 1

Paleti yenyewe inaenea kiganjani. Ina visahani sita, kila kimoja gramu 1, kioo chembamba kwenye kifuniko, na kijiti chenye sifongo ncha zote mbili. Nimepima kwa rula: kila kisahani ni milimita 17 kwa 20. Kisahani cha duara kinachouzwa peke yake mara nyingi huwa na kipenyo cha milimita 26, kwa hiyo hivi ni vidogo kweli. Nautaja udogo huo mapema kwa sababu nahisi utanisumbua.

Mradi ni huu: kwa siku 30 sitagusa rangi nyingine ya macho ila hizi sita, na ninachotafuta ni moshi laini. Simaanishi macho meusi tii yaliyopakwa hadi kwenye nyusi. Nataka kivuli kilichokolea pale nywele za kope zinapoota, kisha kikipanda juu kififie mpaka mtu ashindwe kuonyesha kwa kidole mahali kilipoishia. Nimehangaika na mwonekano huu kwa miaka, nikiwa na paleti kubwa za rangi 30 na zaidi, na karibu kila mara nimeishia na madoa. Nataka kujua kama tatizo lilikuwa rangi au mkono wangu.

Rangi zenyewe: mchanga mweupe-mweupe, kahawia ya udongo, kijivu kinachoelekea kahawia, shaba inayometa, zambarau iliyokolea, na nyeusi. Shaba tu ndiyo inayong'aa, nyingine zote ni mati. Ngozi yangu ni ya kahawia iliyoiva, na kope zangu zimekolea kuliko uso. Nitapiga picha mbili kila siku karibu na dirisha lilelile, ya saa 2 asubuhi na ya saa 11 jioni.

Leo nimezipaka mkononi tu, upande wa ndani. Nyeusi ilikolea kwa mguso mmoja. Kahawia ya udongo imenivunja moyo: ilibidi nipitishe kidole mara tatu ndipo ionekane. Nimeiandika kama kasoro.

Siku ya 2

Nilianza pale nilipozoea kuanzia, yaani kwenye nyeusi. Nikaigandamiza kona ya nje ya jicho la kulia kwa brashi bapa, halafu nikachukua brashi ya manyoya laini ili niisambaze. Ndani ya sekunde chache doa lilikuwa limepanda hadi kwenye mfupa ulio chini ya nyusi, na halikuwa jeusi tena. Lilikuwa kijivu, kama majivu. Kadiri nilivyosugua ndivyo lilivyotanda na kupauka. Vumbi jeusi likadondokea shavuni, juu ya fondesheni niliyokwisha kuipaka, na kila nilipolifuta likaacha mchirizi. Nimeosha uso, nikatoka bila kitu.

Kuanzia kesho macho yanapakwa kwanza, fondesheni baadaye. Vumbi likianguka kwenye ngozi tupu hufutwa kwa pamba yenye maji na kazi inaendelea.

Siku ya 3

Sijapaka kitu. Nimekaa na maandishi ya nyuma ya paleti, ambayo ni madogo kiasi kwamba nimeyasoma kwa kuyakuza kwenye kamera ya simu. Yanaanza na talki na ulanga, zinafuata dimethikoni na stearati ya magnesi zinazoishikilia poda isitawanyike, kisha namba za rangi. CI ni orodha ya kimataifa ya rangi: CI 77491 ni oksidi nyekundu ya chuma, 77492 ni ya njano, 77499 ni nyeusi. 77891 ni dioksidi ya titani, ambayo ni nyeupe. 77742 ni zambarau ya manganizi. Kumbe kahawia yangu ya udongo ni mchanganyiko wa oksidi tatu za chuma, ndugu wa damu na kutu ya msumari, na nadhani ndiyo maana inakaa kwenye ngozi iliyoiva kana kwamba ilizaliwa hapo.

Namba hizi zimenisaidia kuelewa majivu ya jana. Nyeusi ya paleti ni 77499 ndani ya talki nyingi. Ikigandamizwa, weusi unashinda. Ikisambazwa nyembamba, chembe nyeusi zinatawanyika, talki inatawanya mwanga, na kinachobaki juu ya ngozi nyeusi ni ukungu. Kwa hiyo kosa halikuwa la rangi. Nilikuwa naitaka ifanye kazi isiyoiweza.

Nikiwa hapo nimekumbuka wanja. Wamisri wa kale walijipaka macho kwa galena, madini ya risasi na salfa, na kijani chao kilitoka kwenye malakiti. Weusi wa galena unavutia hadi leo, lakini risasi ni sumu, na Marekani hairuhusu wanja wa namna hiyo utumike kama rangi ya vipodozi. Nikiona 77499 imeandikwa wazi kwenye kibandiko, roho yangu inatulia.

Siku ya 5

Leo nimegeuza mpangilio, na leo ndiyo siku ya kwanza iliyonipa matumaini.

Nilichovya brashi ya manyoya kwenye kahawia ya udongo mara moja tu, nikaigonga kwenye ukingo wa paleti ili ziada ianguke, nikaishika mwishoni kabisa mwa mpini. Ukishika karibu na manyoya, uzito wa mkono wote unaingia kwenye kope. Ukishika mwishoni, brashi inabaki kupapasa tu. Nikaanza kwenye kikunjo cha kope, kona ya nje, nikaenda ndani na kurudi nje, taratibu. Baada ya mapito matano hakukuwa na kitu. Kumi, bado. Mahali fulani kati ya kumi na ishirini kivuli kikajitokeza, bila ukingo wowote, kama vile kope imejichimba yenyewe.

Ule uhafifu nilioulalamikia siku ya kwanza ndio uliofanya kazi. Rangi inayokolea kwa mguso mmoja hukuachia alama pale ulipoigusa mara ya kwanza, na utatumia dakika nzima kuificha alama hiyo. Rangi hafifu haikumbuki ulianzia wapi. Nimelifuta neno "kasoro" kwenye ukurasa wa kwanza.

Juu ya kahawia nikaweka kijivu-kahawia, chini ya kikunjo tu, nusu ya nje ya kope. Nyeusi nikaichukua kwa brashi nyembamba yenye ncha, ile ya ukubwa wa penseli, nikaichomeka katikati ya mashina ya nywele za kope, kidogo kidogo, bila kuivuta juu hata milimita 3. Kisha nikarudi na brashi ya manyoya ileile yenye mabaki ya kahawia, sikuongeza rangi, nikapita pale nyeusi na kijivu zinapokutana.

Moshi wa kuni huwa mzito karibu na moto na mwepesi juu. Kwa miaka yote nimekuwa nikipaka moto juu kisha nauvuta chini.

Siku ya 6

Nimerudia bila kubadilisha kitu. Jicho la kushoto limetoka vizuri, la kulia limezidi kwa nje. Nimegundua kwamba ninapofika jicho la kulia huwa nafinya kope ili nione, na kikunjo kinapotea. Kesho nitashika kioo chini ya kidevu na kutazama chini, jicho likiwa nusu wazi.

Siku ya 8

Jaribio la praima, yaani krimu inayopakwa kwanza ili rangi ishike. Jicho la kulia nimepaka praima ya macho, tone dogo lililotandazwa kwa kidole cha pete. La kushoto sikupaka kitu. Rangi ni zilezile, mikono ni ileile.

Zilipopita saa 3 tangu nipake, kope ya kushoto ilikuwa na mstari ndani ya kikunjo, mwembamba kama uzi, ambapo poda ilikuwa imejikusanya na kuacha ngozi wazi pande zote mbili. Kufikia saa 11 jioni kijivu kilikuwa kimetoweka kabisa, na nyeusi ilikuwa imeshuka chini ya jicho. Upande wa kulia ulikuwa umefifia kiasi, lakini umefifia sawasawa. Kope inatoa mafuta na kujikunja maelfu ya mara kwa siku, na poda isiyo na cha kushikilia hufuata mkunjo.

Tofauti nyingine sikuitarajia: juu ya praima, kahawia ilijitokeza kwa mapito nane badala ya ishirini. Lazima niwe mwangalifu hapo, maana rangi ikishika haraka, brashi inaacha alama haraka. Suluhisho nililolipata ni kusubiri praima ikauke, kama dakika 2, kisha kupaka mchanga mweupe-mweupe juu yake kwa wepesi mno, uwe kama zulia ambalo rangi nyingine zinatelezea. Hiyo ndiyo kazi pekee ya maana niliyoipatia rangi ya mchanga mpaka sasa. Nilipoijaribu chini ya nyusi ilionekana kama chaki.

Siku ya 9

Nimejaribu konsila, ile krimu ya kuficha madoa, badala ya praima. Nene mno. Imejikunja kabla sijamaliza jicho la pili.

Siku ya 11

Udogo wa visahani umeanza kunisumbua kama nilivyohofia. Brashi yangu ya manyoya ina upana wa karibu milimita 15. Nikiichovya kwenye kahawia, inagusa zambarau iliyo jirani, na leo nimeshangaa kwa nini kikunjo changu kina wekundu wa kidonda. Nimeangalia paleti: kahawia ilikuwa na vumbi la zambarau pembezoni, na nyeusi ilikuwa imerukia kila mahali.

Hatua nilizochukua: nimepangusa uso wa kila kisahani kwa karatasi laini iliyo kavu, nikapulizia ukingo kwa pampu ndogo ya hewa ya kusafishia kamera. Brashi ya manyoya haichovywi tena ikiwa wima huku ikizungushwa. Naiminya manyoya kwa vidole viwili yawe bapa, nagusa katikati ya kisahani kwa ncha, naachia. Nyeusi nachukua mwisho, kila siku, na nafunga kifuniko mara moja. Yeyote anayefikiria paleti ndogo, aangalie kwanza rangi zimepangwaje. Nyeusi ikiwekwa katikati, majirani wote wataathirika. Kwenye hii yangu iko kona ya chini kulia, na hata hivyo inasumbua.

Kile kijiti cha sifongo nimekijaribu kwa uaminifu kwa siku mbili. Kwa kusambaza hakifai, kinakwangua. Lakini ncha yake ndogo inagandamiza shaba vizuri kuliko brashi zangu zote, kwa hiyo kimebaki kwenye mkoba.

Siku ya 14

Mdogo wangu amekuja kunitazama nikijipaka, akasema, "Dada, mimi hizo haziwezi kunikaa, macho yangu hayana mahali pa kupaka." Kope zake zinafunikwa na ngozi ya juu. Akifumbua macho, kila alichokipaka kinamezwa.

Nimempaka kwa brashi zake mwenyewe, na rangi niliikwangua kutoka kwenye visahani nikaiweka juu ya karatasi safi, ili tusigusanishe macho yetu kupitia paleti. Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwambia afumbe macho. Nilitengeneza kivuli kizuri kwenye kikunjo, akafumbua, hakikuwepo. Mara ya pili alitazama mbele kwenye kioo macho wazi, mimi nikaweka kahawia juu ya kikunjo chake halisi, pale ngozi inayoning'inia inapoonekana ukimtazama. Akifumba, kivuli kinaonekana kimekaa juu mno. Akifumbua, ndipo mahali pake.

Kwa nyeusi tuliishia kwenye mashina ya nywele za kope za juu, na chini tukaweka kahawia nyembamba theluthi ya nje. Moshi wake ulikuwa mdogo kuliko wangu, na ulimpendeza kuliko ninavyopendeza mimi na wangu. Alikaa na kile kioo chembamba cha paleti kwa muda mrefu, akiinua uso, akiushusha. "Kumbe yapo," alisema.

Siku ya 17

Kahawia imegoma. Nimechovya, nimegonga, nimepapasa mara thelathini, hakuna rangi. Nilidhani mkono umechoka. Nilipopeleka paleti dirishani niliona uso wa kisahani una utando unaong'aa, kama jiwe lililoshikwa-shikwa. Nikapitisha ukucha, ukateleza.

Ni mafuta. Nimekuwa nikirudisha brashi kwenye kisahani baada ya kugusa praima, na siku mbili tatu nimetumia kidole. Mafuta na silikoni huingia kwenye poda iliyogandamizwa, brashi inaipiga pasi, na juu panakuwa pagumu.

Nimechukua gundi-utepe, nikaubandika juu ya kisahani, nikaukandamiza kidogo tu, nikauvuta. Ulitoka na ngozi nzima ya kahawia iliyokoza, na chini yake poda ikarudi kuwa na uso wa vumbi la barabarani. Nikarudia mara moja. Mguso wa kwanza wa brashi baada ya hapo ulichukua rangi mpaka nikashtuka. Kwa gramu 1 tu kila utepe una gharama yake, hivyo dawa ni kuzuia: kidole ni cha shaba peke yake, na brashi iliyogusa praima hairudi kwenye rangi.

Nimeosha brashi zote pia, kwa sabuni isiyo kali, nikazilaza juu ya taulo kichwa kikiwa nje ya ukingo wa meza. Zikisimamishwa zikiwa na maji, maji hushuka kwenye shingo ya chuma na kulegeza gundi.

Siku ya 19

Jicho la kushoto linawasha tangu asubuhi. Jana niliweka nyeusi kwenye ukingo wa ndani wa kope, ule wenye unyevu, nikitaka moshi mzito zaidi. Pale ndipo vilipo vitundu vya tezi zinazotoa mafuta ya kulinda machozi, na poda inaviziba. Napumzisha macho leo na kesho. Sitarudia, hata picha zikipendeza vipi.

Siku ya 22

Shangazi amekubali nimjaribishie. Ana miwani ya kusomea ambayo sasa anaivaa kutwa, na kope zake zimelainika, zina mikunjo myembamba kama karatasi iliyokunjwa kisha ikanyooshwa. Nilianza na shaba katikati ya kope kwa sababu ndiyo rangi aliyoichagua mwenyewe. Nimejifunza kutokana na kosa hilo. Ulanga ni vipande bapa vinavyorudisha mwanga, na kila mkunjo uliwaka kivyake. Alijitazama akasema kwa upole, "Mwanangu, umenihesabia miaka yote."

Nilifuta. Mara ya pili sikuweka kitu kinachong'aa isipokuwa tone la shaba kona ya ndani, karibu na pua, ambapo ngozi yake imenyooka. Kahawia kwenye kikunjo, zambarau iliyokolea kwenye mashina ya nywele za kope, basi. Kisha akavaa miwani. Lenzi za kuonea karibu hukuza jicho kwa anayekutazama, na kila chembe iliyokuwa imeanguka chini ya jicho ikaonekana. Nilirudi na kijiti cha pamba nikasafisha huku miwani ikiwa mkononi mwangu, nikimvisha na kumvua. Kwa mwenye miwani ya kuonea mbali ningefanya kinyume, ningekoleza zaidi, maana lenzi zile hupunguza jicho.

Zambarau ilimfaa kuliko nyeusi. Nimeshangaa kwa nini sijawahi kuijaribu kwangu.

Siku ya 23 hadi 26

Siku nne za zambarau, bila nyeusi kabisa. Kwenye kisahani inaonekana kama wino. Juu ya kope, ikishakutana na kahawia, inakuwa kivuli chenye joto, na ikisambazwa haipauki. Hata ilipoteremka kidogo saa 11 jioni, chini ya jicho ilionekana kama uchovu mtamu, haikuwa uchafu.

Nimepanga picha za jioni za siku hizi nne kando ya zile za siku ya 10 hadi 13, nilipotumia nyeusi kwa hatua zilezile. Kwa umbali wa mkono mmoja, weupe wa jicho unaonekana safi zaidi kwenye zambarau. Kwa hatua tatu, nyeusi inashinda, jicho linaonekana kubwa. Sasa najua kwamba watu nitakaoketi nao meza moja watapata zambarau, na nyeusi nitaitoa nikijua nitasimama mbali.

Siku ya 28

Dakika 7 kwa macho yote mawili. Siku ya 5 ilikuwa 25.

Siku ya 30

Leo nimefanya yote kwa mara ya mwisho nikiwa na saa mezani: praima, dakika 2 za kusubiri, mchanga, kahawia kwa mapito niliyoacha kuyahesabu, kijivu, zambarau kwenye mashina, shaba kwa kidole katikati ya kope. Picha ya asubuhi inaonyesha kile nilichokiandika siku ya kwanza. Nimeikuza kwenye simu nikatafuta mahali kivuli kinapoishia upande wa juu. Upande wa kushoto sikupaona. Wa kulia nimepaona, karibu na kona ya nje, kipande kifupi ambacho bado kina ukingo.

Nimeipiga picha na paleti yenyewe. Kahawia ya udongo ina shimo katikati, na chini yake chuma cha kisahani kimeanza kuonekana, ukubwa wa kichwa cha kiberiti. Kijivu kimechimbika nusu. Shaba ina alama ya kidole changu cha pete. Nyeusi, ambayo ndiyo niliyoifuata nilipoichagua paleti hii, bado ina michoro ya kiwandani, imefutika kwenye pembe moja tu.

Kesho natafuta kisahani cha kahawia kinachouzwa peke yake, chenye 77491, 77492 na 77499, na kiwe hafifu vilevile.